Ufa Nyuma ya Jiko: Namna ya Kusoma Ardhi Baada ya Tetemeko



Likizo iliyopita tulitembelea jumuiya ndogondogo mbili, moja Korogwe na nyingine Handeni. Korogwe, mama mmoja alituonyesha ufa nyuma ya jiko lake, chini ya mlima. Handeni, mzee mmoja alitupeleka shambani kwake, ardhi imechanika kila upande. Wote wawili walituuliza swali moja: "Frateri, hili ni tetemeko?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliporudi tulisoma, na tunawashirikisha tuliyojifunza.

Tetemeko huanzia pale miamba inapokatika na kuteleza chini ya ardhi. Mara nyingine mpasuko huo hufika juu. Kule Subukia, Kenya, tarehe 6 Januari 1928, ulionekana kwa kilomita 38 hivi. Mara nyingine haufiki. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15, lakini lilianzia kina cha kilomita 40 hivi na mpasuko wake ulibaki chini. Kwa hiyo tusipime ukali wa tetemeko kwa ukubwa wa ufa tunaouona.

Nyufa zina aina zake. Ufa wa mpasuko wenyewe hunyooka, hupita shamba, njia na kilima bila kujali, na mara nyingi upande mmoja hushuka kuliko mwingine. Ufa wa mteremko hupinda kama mwezi mchanga juu ya sehemu inayotaka kuporomoka. Ufa wa kando ya mto, kama Pangani au Lwengera, hufuata ukingo; tetemeko likiwa kali, mchanga wenye maji hulegea kama uji na kuchomoza juu. Nyufa za udongo mweusi wa mbuga hukatana kama wavu. Hizo ni za kiangazi, na mvua ikinyesha hujifunga.

Za yule mzee wa Handeni zilikuwa za wavu. Ufa wa yule mama ulipinda, nao ulikuwa juu ya mteremko uliochimbwa kupata kiwanja. Haukuhitaji tetemeko lolote ili uwe hatari. Mvua za masika zingetosha. Watoto wake walikuwa wakilala chumba cha upande ule. Tulimwomba awahamishe siku ile ile, tukaenda naye kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kazi huwa ngumu zaidi matetemeko yanapofuatana. Karonga, Malawi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kyela, ardhi ilitikisika mara kwa mara Desemba 2009. Tetemeko kubwa la kwanza lilikuja tarehe 6, na lililozidi yote, la 6.0, tarehe 19. Ufa ulionekana kwa takriban kilomita 9. Kwetu Tanzania, Julai 2007, matetemeko yalifuatana karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron. Kubwa zaidi, la 5.9, lilitokea tarehe 17. Magma ilijipenyeza ardhini bila kufika juu, na nyufa zikafunguka kwenye miteremko. Septemba mwaka huo volkano ya jirani, Oldoinyo Lengai, ikalipuka kwa nguvu.

Katika mfululizo kama huo, ufa usioandikiwa tarehe hausemi ni wa tetemeko lipi. Na ushahidi wenyewe haudumu: mvua, jembe na kwato za ng'ombe huufuta. Kwa hiyo, anayeukuta afanye haya:

1. Aandike siku na saa, na jina la kitongoji.
2. Apime urefu, upana na kina. Aandike unaelekea wapi, na upande upi umeshuka.
3. Apige picha akiweka rula au jembe kando, ili ukubwa uonekane.
4. Apigilie kigingi kila upande wa ufa, apime nafasi kati yake, na arudie kila baada ya mtikisiko. Ufa ukizidi kupanuka, watu waondoke kwanza.
5. Awaulize majirani mmoja mmoja, wasiambukizane maneno.

Taarifa ipelekwe serikali ya kijiji, ili ifike kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST). Wanayo mizani iitwayo ESI 2007, yenye daraja 12, inayopima ukali wa tetemeko kwa alama za ardhi peke yake. Inafaa hata porini kusiko na nyumba za kubomoka.

Darasani, katika mantiki, tunafundishwa kutenganisha tulichokiona na tunachokidhani. Tulidhani ni somo la mitihani tu. Nyuma ya lile jiko tulielewa kwamba anayekimbilia kusema "ni adhabu ya Mungu" au "ni udongo tu" anaweza kuwaacha watoto wamelala mahali pabaya. Tuangalie kwanza, tupime, tuandike. Maana yake tuitafute baadaye, watoto wakiwa salama.