Susu alikuwa na miaka mingapi? Njaa za Ukambani zilitupa jibu

Nyanya yetu alifariki Agosti 2023 nyumbani kwake upande wa Kathonzweni, Kaunti ya Makueni. Sisi tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya. Kamati ya mazishi ilipokutana chini ya mwembe, ubishi wa kwanza haukuwa wa jeneza wala wa chakula cha wageni. Ulikuwa wa mwaka. Kijana aliyepewa kazi ya kupeleka wasifu kwa mpigachapa kule Wote aliuliza, "Niandike alizaliwa lini?" Watu wakatazamana.

Mjomba alisema mama yake ametimiza miaka 105, na kwamba jambo hilo halina mjadala. Kitambulisho cha Susu kilisema 1940. Binamu yangu akakitazama, kisha akatazama kitambulisho cha mama mkubwa, kifungua mimba wa Susu. Kilisema 1946. Kwa hesabu hiyo, Susu alizaa akiwa na miaka sita. Tulicheka, matanga yakapoa kidogo, lakini swali likabaki pale pale.

Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi za huku kwetu Pwani zina mzee wa namna hii, mwenye kitambulisho kinachosema kitu na uso unaosema kingine. Kosa si lake. Wakati wa ukoloni, kipande kilivishwa shingoni mwa wanaume, tangu miaka ya 1920, ili serikali ijue nani anafanya kazi kwa nani. Wanawake hawakuandikishwa. Walianza kuchukua vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970, na hapo wengi walikuwa tayari wana wajukuu. Mama akifika mbele ya meza, karani humuuliza mwaka wa kuzaliwa. Asipoujua, karani humtazama usoni, anakadiria, anaandika. Susu alituambia wake uliandikwa kabla hajamaliza kuketi.

Lakini Ukambani kulikuwa na kalenda nyingine kabla ya meza ya karani. Kitui na Makueni ni nchi kavu. Mvua za kule huja mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi moja hukosa. Zikikosa zote mbili kwa mfululizo, njaa inaingia, na kila njaa kubwa hupewa jina. Kwa Kikamba njaa ya namna hiyo huitwa yua. Mtu hakuambii alizaliwa mwaka gani. Anakuambia yua ipi ilimkuta akiwa na umbo gani.

Nitazitaja chache. Yua ya Ngomanisye ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipokuwa ikipenya Ukambani. Wazee huisimulia kama njaa iliyoenea kila mahali, na wengi walioikimbia waliteremka hadi huku Pwani. Yua ya Mavindi, yaani ya mifupa, ilikuwa katikati ya miaka ya 1930. Yua ya Makonge ilikuja miaka ya 1940 ikielekea ukingoni: watu walikata mkonge, wakaukwangua nyuzi na kuziuza ili wapate chakula. Yua ya Ndeke, yaani ya ndege, ni ya 1961. Ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, na magunia ya chakula yakadondoshwa kutoka angani. Ya Atta ni ya katikati ya miaka ya 1960, na jina lake ni la unga wa msaada. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa huku nimeshika". Kilichoshikwa ni pesa. Zilikuwepo mkononi, lakini dukani hakukuwa na cha kununua.

Hata majina ya watu yana habari hizo. Wanza ni msichana aliyezaliwa wakati wa nzaa, na hilo neno ni njaa yetu hii hii. Wayua linatokana na yua. Wambua, Mumbua na Syombua ni watoto wa mbua, yaani mvua. Jina la Susu sitalitaja hapa, ila lilikuwa la upande wa njaa, si wa mvua.

Basi kamati iliponipa siku tatu, nilifanya hesabu hivi. Kwanza niliwauliza wanawe wote wanakumbuka Susu alisimulia nini kuhusu kila yua. Juu ya Mavindi, wote walisema jambo moja: alikuwa kibogoyo wa meno ya mbele, na aliachiwa kubembeleza mdogo wake wakati mama yao amekwenda kutafuta chakula. Mtoto hung'oka meno ya mbele akiwa na miaka sita, saba au minane. Ukitoa hiyo katika katikati ya miaka ya 1930, unapata kati ya 1926 na 1929.

Tarehe moja haitoshi, kwa sababu kumbukumbu huteleza, na majina ya njaa yenyewe hutofautiana kutoka kilima kimoja hadi kingine. Lazima upate ya pili na ya tatu, uone kama zinakubaliana. Wakati wa Ndeke, Susu alikimbilia gunia lililoanguka akiwa na mtoto mgongoni. Mama yangu, kitinda mimba, alizaliwa wakati wa Atta. Kama Susu alizaliwa karibu 1928, basi alimzaa mama akiwa na miaka 37 hivi. Inakubalika. Kama alikuwa na miaka 105, alimzaa akiwa na 47, na wakati wa Mavindi alikuwa msichana wa kuolewa, si mtoto kibogoyo. Mjomba hakufurahi.

Ilibaki Makonge. Juu ya hiyo hakuna mtoto wake aliyekuwa na neno, kwa sababu Susu hakuisimulia. Nikaamua kumfuata dada yake mdogo, yule aliyebembelezwa. Susu alizaliwa upande wa Mutomo, Kitui, akavuka Mto Athi kuolewa Makueni, lakini dada yake alibaki kule kule. Nilipanda gari hadi Kibwezi, nikashika barabara ya Kitui.

Nilimkuta bibi huyo amekaa uani akisuka kiondo. Nilimuuliza kuhusu Makonge, akaweka kiondo chini. Alisema wakati huo alivuka Athi kwenda kumsaidia dada yake kukwangua mkonge, kwa sababu dada yake alikuwa amejifungua na mikono haikuwa na nguvu. Nikasema, "Amejifungua mama mkubwa?" Akasema hapana, yule alikuwa anatembea. Alikuwa ni mvulana. Maziwa yalikauka. Alikufa kabla mvua haijarudi, akazikwa pembeni mwa shamba.

Nilikaa kimya. Maisha yake yote Susu alikuwa akisema amezaa tisa. Sisi tuliwahesabu wanane, tukamsahihisha mbele ya wageni, na alipozeeka tukaamini kwamba akili imechoka. Hakubishana nasi hata siku moja. Alirudia tu: tisa.

Nilimpigia simu yule kijana wa wasifu nikiwa bado Mutomo. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa "mama wa watoto wanane". Ikabadilishwa. Jina la mvulana yule likawekwa la pili katika orodha, baada ya mama mkubwa.

Nilichojifunza ni kwamba hesabu ya umri si ya sifa. Miaka 105 inapendeza kutangazwa, lakini ukimuuliza mzee tarehe unapata namba, na ukimuuliza alikuwa anafanya nini wakati wa tukio fulani unapata maisha yake. Pwani pia tunazo alama zetu. Muulize nyanya yako alikuwa na mtoto gani mgongoni Uhuru ulipokuja 1963. Muulize alikuwa anaishi wapi daraja la sasa la Nyali lilipofunguliwa 1980, au la Kilifi 1991. Muulize mvua za El Nino za 1997 zilimkuta katika hali gani. Andika majibu, kisha ukayalinganishe na ya ndugu zake. Na akikupa idadi ya watoto isiyolingana na yako, usimsahihishe. Muulize.

Kwenye msalaba tuliandika "takriban 1928 – 2023". Mjomba bado anasema ni 105. Lakini siku ya mazishi, aliposimama kutaja ndugu zake mmoja mmoja, alihesabu mpaka tisa.