Unachuja chai kila asubuhi lakini michanganyiko bado inakulemea kwa sayansi? Rada ndio hii

Kama uko Gredi ya 7 na mwalimu amesema "tenganisha mchanganyiko" ukabaki kuangalia dari, tulia msee. Hii kitu unaifanya kwa nyumba kila siku, ni vile tu hakuna mtu hukupea alama.

Cheki githeri. Kabla mathe aweke maharagwe kwa sufuria, anakuambia utoe mawe. Unatoa na mkono juu unaona lipi ni jiwe. Lakini wimbi je? Huwezi okota makapi moja moja hadi jioni, so anachukua uteo, anarusha juu, upepo unabeba makapi juu ni mepesi. Mtu wa mjengo naye anachekecha mchanga kwa wavu, kokoto zinabaki. Fundi akimwaga misumari kwa vumbi la mbao, anapitisha sumaku ametoa kwa spika mzee. Siri ni moja: tafuta kitu ambacho huyu ako nacho na mwenzake hana.

Sasa chai. Chujio linashika majani, lakini sukari inapita. Kwa nini? Juu imeyeyuka, na chembe zake ni ndogo kuliko tundu lolote la chujio. Hapa ndio wengi huangukia, wanaandika eti chumvi na maji unachuja. Zii! Hapo unaondoa maji. Kule Gongoni, Kilifi, maji ya bahari huingizwa kwa mabwawa yasiyo na kina, jua linayakausha, chumvi inabaki. Lita moja ya bahari ina karibu gramu 35.

Na kama unataka maji, si chumvi? Shika mvuke, uupoze, urudi kuwa maji. Vitabu vinaita kukeneka. Wapika chang'aa pia hutumia njia hiyo, juu alkoholi huchemka kwa nyuzi 78 na maji kwa 100. Noma ni kwamba methanoli huchemka kwa 65, kwa hivyo kama imo ndani nayo inapanda na mvuke. Hiyo inapofusha na inaua, na kwa macho huioni. Usijaribu kwa jiko la mathe.

Sasa ile iliniuma. Nina binamu amekulia Naivasha, meno yake yako na madoa ya kahawia. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamcheka eti hapigi mswaki. Kumbe ni floridi kwa maji ya kisima, iliingia meno yakiwa bado yanaundwa. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa ziko hivyo, na Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Shosho alikuwa anamchemshia maji vizuri sana. Alikuwa sawa upande wa viini, juu kitambaa hakishiki viini, lakini moto unaviua. Floridi ni stori ingine. Imeyeyuka kama sukari ya chai, na haipandi na mvuke. Piga hesabu: lita 5 zenye miligramu 2 kwa kila lita, jumla ni 10. Chemsha mpaka zibaki lita 4. Zile 10 bado ziko, sasa ni 2.5 kwa lita. Umeongeza makali!

Kutulia na kumimina haisaidii, kitambaa haisaidii. Nakuru watu wametumia makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa vipande, maji yanapita katikati, floridi inanata kwa mifupa. Meno yetu ni madini ya aina hiyo hiyo ya mfupa, ndio maana floridi inayapenda.

Lakini mifupa hushiba. Ikishashiba, maji yanaendelea kutoka meupe vile vile na floridi inapita tu, so lazima yapimwe na mifupa ibadilishwe. Binamu yangu siku hizi ako na mtoi, na hilo chujio liko kwa kona ya jikoni.