Mtoto anayezaliwa bila kulia: yale maternite zetu zinaweza kufanya

Katika parokia zetu tunaandika majina ya wanaobatizwa, wanaooana na wanaofariki. Mtoto aliyezaliwa mfu haandikwi popote. Anazikwa jioni na watu wachache, mara nyingi bila jina, na mama yake anarudi nyumbani akiwa na maziwa kifuani na maneno ya majirani masikioni: amerogwa, ana dhambi ya siri, alibeba mzigo mzito shambani. Tunaleta habari hii kwa sababu vifo vingi vya namna hiyo vina sababu zinazojulikana, na sehemu kubwa vinaweza kuzuiwa.

Shirika la Afya Duniani linahesabu mtoto anayezaliwa bila dalili ya uhai kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Duniani kote wanakaribia milioni 2 kila mwaka, na karibu nusu yao ni hapa Afrika, kusini ya Sahara. Zaidi ya 40 kwa kila 100 wanakufa uchungu ukiwa umekwisha kuanza. Hao walikuwa hai asubuhi ile mama alipofunga kitenge chake ili aende kuzaa.

Kazi inaanza mapema, kwenye CPN. Inashauriwa mama aonekane mara 8, ya kwanza kabla ya wiki ya 12; wengi wetu tunangoja tumbo lionekane kwanza. Malaria inadhuru kondo la nyuma hata mama asiposikia homa, kwa hiyo dawa ya kinga inayotolewa CPN kuanzia mwezi wa 4 inywewe angalau mara 3, na chandarua kitumike kila usiku. Kaswende inaonekana kwa kipimo kidogo cha damu na inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Baba naye atibiwe, sivyo atamrudishia mke wake ugonjwa ule ule. Tansio ikipanda, kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, ni kwenda siku hiyo hiyo. Siku ya CPN ijayo ni mbali mno.

Halafu uchungu wenyewe. Hapa ndipo tunaona maternite zinatofautiana sana, na tofauti haiko katika majengo. Moyo wa mtoto unasikilizwa angalau kila dakika 30 uchungu ukiwa na nguvu, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Kile kibomba cha mbao kinatosha. Moyo unapiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Ukishuka au ukipanda na kubaki hivyo, mama alazwe ubavu, muganga aitwe, safari ya hospitali itayarishwe. Yote yanaandikwa kwenye partogramu saa ile ile. Partogramu inayojazwa mtoto akiisha kuzaliwa, ili faili iwe kamili, haijaokoa mtu.

Tuseme pia kuhusu sindano ya kuharakisha uchungu. Ikichomwa pajani mtoto akiwa bado ndani, hakuna anayeweza kuipunguza tena. Tumbo linabana bila kupumzika na mtoto anakosa hewa. Familia nyingi zinaiomba zenyewe kwa uchovu. Muuguzi anayekataa anawapenda.

Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, wakunga na waganga walipewa kijitabu kifupi cha mfukoni kilichofuata hali yao halisi, na mafunzo ya mara kwa mara. Watoto wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1000 waliozaliwa. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2010, ulifanyika katika nchi 6, pamoja na Kongo yetu, kule Equateur. Wazalishaji walifundishwa kumhudumia mtoto mchanga, na hesabu ikashuka kutoka 23 hadi karibu 16. Watafiti waliona sababu moja: baadhi ya watoto waliohesabiwa wafu walikuwa na moyo unaopiga, ila hawakupumua. Walihitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na wasipopumua, kusukumiwa hewa kwa ambu ndani ya dakika ya kwanza. Basi ambu iwe mezani kabla ya mama kupanda kitandani, isitafutwe kabatini.

Sisi wa parokia tuna sehemu yetu. Usiku, mama akiambiwa aende hospitali kwa kupasuliwa, familia inaanza kutafuta pikipiki, franka na ruhusa ya baba mkwe. Saa zinapita. Kikundi cha wamama chenye sanduku la akiba, na mwenye pikipiki aliyekubaliana nao mapema, hupunguza saa hizo. Palipo na vita njiani, ni afadhali mama ahamie kwa ndugu karibu na hospitali wiki za mwisho.

Na mtoto akizaliwa mfu licha ya yote, mama aulizwe kama anataka kumbeba na kumpa jina. Maternite iandike uzito, wiki za mimba, na hali ya ngozi: ikiwa imeanza kubambuka, huenda alikufa kabla ya uchungu kuanza, ikiwa nzima, huenda alikufa katika uchungu, na wahudumu wakae pamoja watazame saa baada ya saa kilichotokea, bila kumtafuta wa kufukuza. Mama naye aelezwe kile kilichoonekana. Akipata mimba tena, alitaje jambo hilo kwenye CPN ya kwanza, na kuzaa kwake kupangwe hospitalini.