Kitabu Unachoruhusiwa Kukibadilisha

Nafundisha fizikia chuoni. Zamani darasa zima lilitegemea nakala mbili za maktaba na foleni ya kutoa kopi. Sasa tunatumia College Physics, kitabu kilichotolewa mwaka 2012 na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Kukipakua ni bure, na leseni yake ya Creative Commons inaniruhusu kukinakili, kukichapa, hata kukibadilisha, mradi nitaje chanzo. Basi katika mfano mmoja, mtelezaji wa kwenye theluji nimemtoa, nikaweka bodaboda inayopanda mlima na abiria wawili. Wanafunzi wasio na bando hupeana faili kwa flashi. Mwalimu mwenzangu akiuliza aanzie wapi, humwambia: chagua sura moja, ilinganishe na mtaala, kisha ifundishe.