Unamwachia nani mtoto? Sajili ya wahalifu wa ngono ipo, na unaweza kuikagua

Likizo ikianza tu, magrupu ya WhatsApp ya ploti hujaa maswali ya aina moja. Nani anajua mwalimu poa wa tuisheni? Nani ana namba ya yaya wa kuaminika? Kuna msee wa boda anayeweza kupeleka watoto kuogelea Jumamosi? Majibu huja ndani ya dakika tano, na mtu anapewa kazi kwa sababu Mama Fulani wa nyumba namba nne amesema ni mtu mzuri.

Wengi hawajui kwamba tangu 2006 sheria ya Kenya imetaka watu waliopatikana na hatia ya makosa ya ngono waorodheshwe mahali pamoja. Sheria ya Makosa ya Ngono, katika kifungu cha 39, inampa Msajili wa Mahakama Kuu jukumu la kuweka sajili hiyo. Halafu inaongeza jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja: mtu yeyote mwenye sababu ya msingi anaweza kuikagua.

Shida ni kwamba tukisikia neno sajili, akili zetu hukimbilia Marekani. Umeona kwenye filamu: mtu anahamia mtaa mpya, anafungua kompyuta, ramani inajaa vitone vyekundu. Kule ni kweli. Kila jimbo lina orodha yake, na tovuti ya serikali kuu, nsopw.gov, inazipekua zote kwa pamoja bila malipo. Unaweka jina au msimbo wa posta, unapata picha, anwani na kosa la mtu. Kama una dada au binamu anayelea watoto huko Dallas au Minneapolis, mtumie anwani hiyo leo.

Kwetu hakuna ramani. Sajili ya Kenya haikuundwa ili watu waperuzi wakiwa kwenye matatu. Inakaa mahakamani, na unayetaka kuiona ndiye unayepaswa kueleza kwa nini.

Sasa, sababu ya msingi ni ipi? Fikiria ukiwa mbele ya karani wa mahakama. Ukimwambia unataka kumwajiri mtu atakayelala nyumba moja na mtoto wako wa miaka minne, hiyo ni sababu. Ukisema unasimamia timu ya soka ya watoto mtaani na kuna kocha mpya amejitolea, hiyo pia ni sababu. Lakini ukitaka tu kujua kama ex wako ana rekodi ili uiposti, hapo utarudishwa nyumbani, na ni sawa.

Andika barua. Iwe fupi, ya ukurasa mmoja, kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Usilazimike kusafiri hadi Nairobi kwanza, maana kila kituo cha Mahakama Kuu kina naibu msajili, na hapo ndipo pa kuanzia. Taja wewe ni nani, mtu unayemuulizia ni nani, kazi unayotaka kumpa, na umri wa watoto watakaokuwa chini yake. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chako. Halafu kuna kitu watu husahau: namba ya kitambulisho ya huyo mtu. Kamau na Otieno na Mohamed wako wangapi nchi hii? Jina peke yake linaweza kumchafulia mtu asiye na kosa lolote, au kumpitisha mwenye kosa.

Ndiyo, ni kazi. Na kwa yaya anayehitajika kuanza Jumatatu, barua ya mahakamani inaweza kuonekana kama mzaha. Kwa hivyo watu wengi hupitia mlango wa pili, ile karatasi kila mtu mtaani huita good conduct. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Mwombaji hujaza fomu kwenye eCitizen, analipa Sh1,050, kisha anaenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Uzuri wake uko kwenye vidole. Mtu anaweza kubadilisha jina, mtaa na laini ya simu, lakini vidole ni vilevile.

Hapa nina maoni yangu. Kama wewe ndiye unayemtaka yaya awe na cheti hicho, mlipie. Kumwambia msichana anayetafuta kazi ya kwanza atoe elfu moja kabla hajapata hata mshahara ni kumwonea. Na ukishaletewa, taka cheti chenyewe, usikubali picha ya WhatsApp. Angalia tarehe pia. Karatasi ya miaka mitatu iliyopita haiwezi kujua kilichotokea mwaka jana.

Kwa walimu kuna njia rahisi zaidi. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kufundisha shule yoyote, ya umma au ya kibinafsi, bila kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Tume hiyo huwafuta walimu waliopatikana na makosa ya kuwadhulumu wanafunzi kimapenzi, na huchapisha majina yao. Muulize mwalimu wa tuisheni namba yake ya TSC. Mwalimu halali huijua kichwani kama namba yake ya simu. Akianza kuzungusha maneno, mshukuru, mwage.

Lakini kocha wa mtaani, mwalimu wa madrasa au wa Sunday school, msee wa boda, na yule kijana wa chuo anayefundisha hesabu jioni, hao hawako kwa TSC. Kwao unabaki na mahakama, cheti cha DCI, na mahali pengine ambapo vijana wachache hupajua: tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org. Maelfu ya hukumu yamo humo, bure. Andika jina ukitafuta kesi kati ya mtu huyo na Jamhuri. Nyingi utakazopata ni za rufaa, kwa hivyo usisome ukurasa wa kwanza ukakimbia. Soma hadi mwisho kabisa, kwa sababu pale ndipo utajua kama jaji alithibitisha kifungo au alimwachilia mtu huyo. Waathiriwa watoto huandikwa kwa herufi za kwanza za majina tu. Ukitambua ni nani, nyamaza.

Kuna swali pia la kumuuliza mtu uso kwa uso. Sheria hiyohiyo ya 2006 inasema kwamba mtu aliyepatikana na hatia ya kosa la ngono, akificha jambo hilo anapoomba kazi ya kutunza watoto au watu wasioweza kujilinda, ametenda kosa lingine. Kwa hivyo uliza, na taka jibu kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu unatosha kuwa kumbukumbu.

Sasa tuseme umefanya yote na umepata jibu safi. Umejua nini? Umejua kwamba mtu huyo hajapatikana na hatia mahakamani. Basi. Sajili haimjui mjomba ambaye kesi yake ilimalizwa na wazee kwa mbuzi wawili. Haimjui jirani ambaye shahidi wake mkuu alihamishwa shule na kupelekwa ushago kesi ikiendelea. Na ukiwauliza wanaoshughulikia kesi hizi, watakuambia mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamjua na familia inampa chai. Huyo hakuna mtu hufikiria kumkagua.

Ndiyo maana mimi siamini sana wazo la kuanika kila jina mtandaoni, ingawa najua linapendwa. Nigeria ilifungua sajili yake kwa umma mwaka 2019. Afrika Kusini imekuwa na yake tangu 2009, ila kwa muda mrefu imekuwa ya waajiri na mashirika yanayoomba rasmi. Marekani, ambako kila kitu kiko wazi, watafiti wengi bado hawajapata ushahidi thabiti kwamba kuanika majina hupunguza makosa ya kurudiwa. Mjini Miami, masharti ya mahali pa kuishi yaliwafanya makumi ya watu waliotoka gerezani kuishi chini ya daraja la Julia Tuttle hadi 2010. Polisi wanamfuatilia vipi mtu asiye na mlango?

Kinachoweza kuijaza sajili yetu ni kesi kufika mwisho, na hiyo huanza siku ya kwanza. Mtu akidhulumiwa asioge, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki. Afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia HIV hazisaidii baada ya hapo. Polisi wamwandikie kwenye OB na kumpa fomu ya P3, inayojazwa na daktari. Wakija wazee au jamaa na bahasha ya kumaliza mambo nyumbani, jueni kwamba chini ya kifungu cha 40 uamuzi wa kusimamisha kesi ya aina hii uko kwa kiongozi wa mashtaka ya umma. Baba hawezi kuisimamisha, wala chifu. Namba ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116, mchana na usiku.