Gari la Nyuma Ndilo Linaloshika Breki

Miezi ya Aprili na Mei, mvua ndefu zinapokolea, barabara za ndani za Kericho na Bomet hubadilika ndani ya saa moja. Asubuhi lori limepita na majani ya chai bila shida. Alasiri mvua ikishapiga, Land Cruiser ya mkulima imelala mtaroni, kituo cha kununulia chai kikiwa kinaonekana pale mbele. Majani mabichi nayo hayasubiri. Yakibanwa kwenye mifuko kwa muda mrefu hupata joto, hugeuka rangi, na karani ana haki ya kuyakataa. Basi jirani mwenye gari la aina hiyo hiyo hupigiwa simu, kamba hutolewa chini ya kiti, na punde si punde watu wawili ambao hakuna aliyewafunza kazi hiyo wanateremsha tani nne za chuma kuelekea daraja lililo bondeni. Ninawaandikia hao wawili, na zaidi yule anayekaa kwenye gari la nyuma.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama gari fulani lina nguvu za kuvuta lenzake. Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Hata hivyo, gia nzito za 4L hufidia upungufu huo. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, gari la tani mbili huhitaji mvuto wa kama kilo 200, na kilo 30 hivi za ziada kwa ajili ya ukinzani wa matairi juu ya lami. Hilux au Defender yenye afya inaumudu mzigo huo. Linalopaswa kuulizwa ni jinsi magari hayo mawili yatakavyosimama.

Tupige hesabu. Chukua barabara ya murramu iliyolowa, yenye mteremko huo huo wa asilimia 10, na mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Murramu ya namna hiyo huweza kuyapa matairi mshiko wa kama 0.3, yaani breki zinaweza kutoa nguvu inayolingana na asilimia 30 ya uzito wa gari. Gari moja likikanyaga breki hapo litasimama baada ya mita 18 hivi, bila kuhesabu muda ambao dereva ametumia kung'amua hatari. Sasa lifungie nyuma gari jingine lenye uzito sawa, ambalo breki zake hazifanyi kazi. Breki ni zile zile, mzigo umekuwa maradufu, na mteremko unasukuma magari yote mawili. Yatasimama baada ya mita 70. Mvua ikizidi na mshiko ukashuka hadi 0.2, hayasimami kabisa. Dereva wa mbele anaweza kufunga magurudumu yote manne, na bado magari yataendelea kushuka kwa kasi ile ile mpaka mteremko uishe au yakutane na kitu.

Watengenezaji wa magari wanalijua hilo. Land Cruiser za mfululizo wa 70 huruhusiwa kuvuta trela la tani tatu na nusu likiwa na breki zake lenyewe. Trela lisilo na breki, kikomo ni kilo 750. Gari la tani mbili lisilo na breki linakaribia mara tatu ya kikomo hicho, ilhali tunalifunga kamba na kuondoka nalo kama mzigo wa kawaida.

Kwa hiyo linaloshika breki ni gari la nyuma, na hapa desturi yetu inakwenda kinyume. Mwenye uzoefu hukaa mbele kwenye gari zima, na kule nyuma huwekwa kijana, tanboi, au yeyote aliyekuwa karibu, kwa kudhani kwamba kazi yake ni kushika usukani tu. Mimi ningewabadilisha. Wa mbele anahitaji subira na gia nzito. Wa nyuma ndiye anayehitaji mguu wenye adabu: akanyage breki kidogo kidogo muda wote wa kuteremka ili kamba isilegee, aone hatari juu ya paa la mwenzake, na aanze kupunguza mwendo kabla wa mbele hajagusa breki zake. Kamba ikilegea, mambo mawili hufuata. Ama gari la nyuma linamgonga wa mbele, au linaikanyaga kamba yenyewe na kuizungusha kwenye gurudumu.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana kwa sababu injini ya nyuma mara nyingi imezimika. Breki za magari haya husaidiwa na ombwe linalotengenezwa wakati injini inanguruma. Injini ikizimika, akiba iliyobaki inatosha kukanyaga mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito. Breki bado zipo, ila zinadai nguvu zote za mguu. Jaribu kabla ya kuondoka: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano mpaka ikaze, halafu ikanyage kwa nguvu huku mwenzako akikuvuta polepole hatua chache mahali tambarare. Hapo utajua mguu wako unaweza nini. Kama injini inawaka na tatizo ni klachi au gia, iache iwake safari nzima. Ufunguo nao ubaki umewashwa hata kama injini imekufa, la sivyo usukani unaweza kujifunga kwenye kona ya kwanza.

Kulitoa gari kwenye tope ni kazi tofauti na kulivuta barabarani, na vifaa vyake ni tofauti. Wanajeshi wanaookoa magari wana kanuni yao ya kukadiria: tope likifika usawa wa magurudumu, nguvu inayohitajika kulitoa gari hulingana na uzito wake wote, likifika usawa wa madigadi, hesabu mara mbili ya uzito huo. Yaani Land Cruiser iliyozama mpaka madigadi mtaroni inadai tani nne. Hakuna gari la ukubwa wake linaloweza kutoa mvuto huo likiwa limesimama juu ya utelezi. Chimba kwanza. Jembe linalofukua udongo mbele ya magurudumu na chini ya ekseli hupunguza tani hizo haraka kuliko injini yoyote, na mashina makavu ya chai yaliyopogolewa, yakitandazwa chini ya matairi, huyapa mshiko. Mwombe mwenye shamba kwanza. Usipite kando juu ya michai yake kwa kisingizio cha dharura, kwa sababu mchai uliovunjwa haurudi msimu huo, na katikati ya mistari ile mna mifereji isiyoonekana.

Wengi, badala ya kuchimba, hurudi nyuma na kuondoka kwa kishindo wakitumia mnyororo. Tafadhali acheni. Hata kama gari la nyuma halijazama bali limesimama huru, wa mbele akifika mwisho wa mnyororo uliolegea kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, na chuma chote kikinyumbuka sentimita 10 tu, wastani wa mvuto katika pigo hilo ni karibu tani nne, na kilele chake kinapita hapo. Kamba ya nailoni inayorefuka mita nzima hulipunguza pigo hilo hilo hadi kilo 400 hivi. Kamba za nailoni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hurefuka asilimia 20 au 30 na kuvuta polepole zinapojirudi; kwenye tope ndizo zinazofaa. Barabarani hazifai, maana zitakuwa zikivuta na kulegea njia nzima. Huko tumia kamba isiyonyumbuka sana, ya mita nne au tano, yenye kitambaa chekundu katikati, au bora zaidi chuma kigumu cha kuvutia. Chuma hicho huzuia gari la nyuma kumgonga wa mbele. Hakilipi breki ambazo halina, na zile mita 70 zinabaki pale pale.

Kamba ifungwe wapi? Inama uangalie chini ya gari. Magari mengi yetu yaliingia kupitia bandari ya Mombasa yakiwa yametumika Japani, na chini ya bampa mengi yana vijishikizo vyembamba vilivyochomelewa kwa ajili ya kulifungia gari lisisogee melini. Vijishikizo hivyo si vya kuvutia, na vikikatika huruka. Kinachofaa ni ndoano au pete nene iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi yenyewe. Ile pete ya kuzungusha inayokaa pamoja na jeki inatosha kwa kuvutwa taratibu kwenye lami, basi. Na lile tufe la kuvutia trela lisifungwe kamba ya kuokoa kamwe. Limewahi kukatika na kupenya kioo cha gari kama risasi, na watu wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali.

Hapo ndipo ninapowaomba madereva wawe wakali kwa watazamaji. Gari likikwama karibu na kituo cha chai, wachumaji husimama kutazama, na watoto waliotoka shule hupanda ukingoni. Warudishwe mbali kupita urefu wa kamba na nusu yake, pande zote mbili, kabla gia haijaingizwa. Koti zito au gunia lenye udongo likiwekwa katikati ya kamba huishusha chini inapokatika.

Kuhusu gia, 4x4 zinatofautiana. Land Cruiser za 70 na Hilux nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma mpaka dereva aingize 4x4: weka 2H, gia kuu iwe huru, na habu za mbele za kuzungusha kwa mkono zirudishwe FREE. Defender ya zamani huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Giaboksi yake ndogo iwekwe katikati, na difu ya kati isiwe imefungwa. Gari la namna hiyo lisinyanyuliwe magurudumu mawili huku mengine yakibiringika. Gari la otomatiki lina hatari yake: pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimika vyuma vinazunguka bila mafuta. Soma kitabu cha gari, na kama hakipo, fundi afungue propela. Lakini kumbuka kwamba breki ya mkono ya Defender hushika propela ya nyuma, wala haishiki magurudumu. Propela ikiondolewa, breki ya mkono imekwenda nayo, na gari lisiachwe hata dakika moja bila jiwe nyuma ya gurudumu.

Mwendo usizidi kilomita 20 kwenye murramu na 30 kwenye lami, taa za dharura zikiwaka kwa magari yote mawili. Abiria mmoja akae gari la mbele akitazama nyuma muda wote, kwa sababu betri ya nyuma ikifa hakuna honi wala taa. Ishara zikubaliwe mkiwa bado mmesimama: "Mzee, nikitoa mkono dirishani, simama pole pole. Usikanyage ghafla." Usiku na ukungu, subirini.

Na ziko safari ambazo hazifanywi kwa kamba. Kutoka Kericho kuelekea Ahero barabara hushuka zaidi ya mita 800, na mguu wa mtu hauwezi kushikilia tani mbili bila msaada wa injini kwa umbali huo. Breki zitachemka kabla ya kufika tambarare. Makutano ya Londiani, ambako zaidi ya watu 50 walikufa tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoacha njia na kuwavamia wachuuzi na magari kando ya barabara, si mahali pa kupitisha gari usilo na uhakika wa kulisimamisha. Vuteni mpaka mahali pa kwanza penye usalama, tambarare, mbali na vibanda vya wauzaji, kisha mngojee.

Kama pedali ya gari la nyuma inazama mpaka chini, au usukani wake haushiki, hesabu imekwisha. Ipakie chai kwenye gari lililo zima iwahi kituoni, weka mawe nyuma ya magurudumu, na uite brekidauni ya kulibeba gari bovu lote mgongoni, hata kama italazimu kulala huko mpaka asubuhi.