Utangulizi: Kinachokuja Baada ya "Ila"

Fani ya afya ya akili tunayoingia haianzii hospitali ya Mirembe wala ya Muhimbili. Inaanzia kwenye benchi la zahanati, tuseme Mwamanyili, wilayani Busega, mkoa wa Simiyu, ambako mama mmoja ameketi tangu asubuhi na daftari mapajani. Kurasa za mbele ni hesabu za mwanawe wa darasa la pili. Za nyuma ni maradhi yake mwenyewe. Kichwa, uchovu, malaria hakuna, paracetamol. Mwezi uliofuata tumbo, usingizi hakuna, malaria hakuna, dawa ya vidonda vya tumbo. Kurasa nne, miandiko mitatu.

"Mwangaluka, mayu," tabibu anamsalimu kwa Kisukuma. Anaitikia. Habari za nyumbani? Nzuri. Hadanganyi. Kwetu salamu ina jibu lake, na hata aliyefiwa jana huanza na "salama", ndipo aongeze "ila". Tatizo ni kwamba tumezoea kusikiliza ila ya kwanza tu, ile ya kichwa na tumbo. Ya pili huja mgonjwa akiwa ameshasimama, dawa mkononi: "Halafu daktari, siku hizi nawaza sana."

Kitabu hiki kinahusu ila hiyo ya pili. Tunaiita sonona, neno ambalo tangu zamani limebeba maumivu ya mwili na majonzi kwa pamoja. Anayelalamika kwamba mwili wote unamuuma hajakosea mlango.

Walimu wa mwanzo wa fani hii waliteleza hapo hapo. J. C. Carothers, aliyewahi kusimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953, katika chapisho la Shirika la Afya Duniani, kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. (Alikuwa akiwatazama waliofikishwa Mathari. Anayerusha mawe hupelekwa; anayelia usiku chini ya shuka nani atampeleka?) Mwaka 1979 David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha matokeo ya kliniki moja ya kijijini Kenya: karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa wa akili, ingawa kilichomleta ni malalamiko ya mwili. Wagonjwa hawakuwa wapya. Swali ndilo lilikuwa jipya.

Nisingependa mtu aseme wagonjwa hunyamaza kwa kukosa elimu. Daftari hurudi nyumbani, na mtoto anayejivunia kusoma atalisoma kwa sauti mbele ya shangazi. Mlango wa chumba cha tabibu mara nyingi uko wazi, foleni inasikia. Mwanamke anayepima maneno yake katika hali hiyo ana akili timamu kuliko anayemlaumu. Namshauri aulize kwanza: "Nikikwambia jambo, utaliandika humu?" Tabibu mzuri ataweka kalamu chini.

Lakini kimya nacho kina gharama, na gharama hiyo imo ndani ya dawa. Efavirenz, iliyokuwa kwa miaka mingi sehemu ya dawa za kufubaza VVU, huwaletea baadhi ya watu ndoto za kutisha na huzuni nzito. Mgonjwa asiyesema aliendelea kuimeza kila usiku akidhani amerogwa. Amitriptyline, ambayo tabibu huweza kuitoa kwa ajili ya usingizi au maumivu, ni mfano mkali zaidi. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kupunguza sonona, na ikimezwa nyingi kwa mpigo huua. Asiyejua kwamba mgonjwa wake ametamani kufa anaweza kumkabidhi vidonge vya mwezi mzima, vimefungwa vizuri kwenye kibahasha, na kumtakia safari njema.

Sura inayofuata inapitia dodoso la maswali tisa, PHQ-9, linalouliza habari za wiki mbili zilizopita: raha, usingizi, hamu ya kula, uchovu na mengineyo. La tisa linauliza kuhusu kutamani kufa au kujidhuru. Nimeona wanafunzi wangu wakilisoma haraka haraka, macho dirishani. Tutaanza na hilo.